Bidii, Bahati na Haki: Jinsi ya Kulijadili Suala la Utajiri katika Fasihi

Ukipanda matatu mjini Eldoret na kushika barabara iendayo Iten, hutakawia kufika Kimumu. Ukifika alfajiri utawakuta vijana wakikimbia kandokando ya barabara, makundi kwa makundi, kabla ya jua kuchomoza. Ukifika adhuhuri utayaona majumba ya ghorofa ya kupangisha, na baina yake nyumba za mabati ambazo bado zinangoja zamu yao. Wanafunzi wetu hupita katikati ya mandhari hayo kila siku wakienda shuleni. Wanajua, au wanadhani wanajua, ghorofa ipi ni ya mwanariadha yupi. Kwa hivyo tunapowauliza swali kuhusu utajiri, hatuwaulizi jambo la vitabuni tu.

Muhula mmoja niliwatungia wanafunzi wa Kidato cha Nne swali la alama ishirini: "Mali ya mhusika ni tunda la jasho lake. Thibitisha." Karibu wote walianza kwa methali ya mchumia juani hulia kivulini, wakaorodhesha hoja za bidii, wakapata alama nzuri. Msichana mmoja alikwenda kinyume. Aliandika kwamba kauli ile ina nusu ya ukweli, kwa kuwa inategemea mhusika alianzia wapi. Nikamkata alama kwa sababu hoja zake hazikuwa katika mwongozo wangu wa kusahihisha. Baada ya kipindi aliniletea karatasi yake, akasimama mbele ya meza kwa adabu, akaniuliza: "Mwalimu, kaka yangu hutoka kukimbia saa kumi na moja kila alfajiri. Huu ni mwaka wa sita na hajapata chochote. Je, yeye ni mvivu?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na papo hapo kuwaonyesha walimu na watahiniwa namna ya kuishughulikia dhamira hii katika Karatasi ya Tatu bila kuipunguza ikawa mahubiri ya bidii au laana kwa matajiri.

Tuanze na maneno yenyewe

Aghalabu mwanafunzi hutumia maneno "tajiri", "bepari" na "uchumi" bila kuyachunguza. Hebu tuyachunguze kidogo. Neno "tajiri" limetokana na Kiarabu, na huko maana yake ya awali ni mfanyabiashara. Neno "bepari" limetujia kutoka Bara Hindi, nalo vilevile lilimaanisha mfanyabiashara kabla ya kupata maana ya mtu anayemiliki mtaji na kufaidi kazi ya wengine. Yaani lugha yetu imemtazama mwenye mali kupitia kwa mtu anayeuza na kununua: mtu anayepata leo na pengine kupoteza kesho.

Neno "uchumi" nalo linatokana na kitenzi "chuma", kwa maana ya kuchuma matunda au kujipatia faida. Ndicho kitenzi kile kile kilichomo katika "mchumia juani". Basi mtu akitaja uchumi, msomaji makini ana haki ya kuuliza: mti huo unaochumwa ulipandwa na nani, na nani aliyeruhusiwa kuufikia?

Tazama pia neno "ushindani". Mzizi wake ni "shinda", na kiambishi "-an-" ni cha kauli ya kutendana. Hakuna anayeshindana peke yake. Katika mfumo wa uchumi wa ushindani, kushinda kwangu kumefungamana na kushindwa kwa mwingine, hata kama sisi sote tumefanya kazi kwa kiwango kimoja. Jambo hili ndilo ambalo watahiniwa wengi hulisahau. Humtazama mshindi peke yake, wakamsifu kwa sifa alizo nazo, wasigeuze macho kuwatazama walioshindwa wakiwa na sifa hizo hizo.

Mbio kama matini

Kwa kuwa tuko Kimumu, tuchukue mbio kama matini na tuzihakiki. Tarehe 17 Aprili 2023 zilifanyika mbio za marathoni za Boston, nchini Marekani. Mshindi alikuwa Mkenya Evans Chebet aliyetumia saa 2, dakika 5 na sekunde 54. Wa pili alikuwa Gabriel Geay wa Tanzania, sekunde 10 nyuma yake. Wa tatu alikuwa Benson Kipruto wa Kenya, sekunde 2 nyuma ya Geay. Zawadi zilikuwa hivi: wa kwanza dola 150,000 za Marekani, wa pili dola 75,000, wa tatu dola 40,000.

Msomaji, zitafakari tarakimu hizo. Watu watatu wamekimbia zaidi ya kilomita 42 kwa saa mbili na ushei. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ni sekunde kumi, sehemu ndogo mno ya muda wote, lakini zawadi imekatika nusu. Sekunde mbili zaidi zimegharimu dola 35,000. Je, tunaweza kusema kwamba Chebet alijitahidi mara mbili ya Geay? La hasha. Isitoshe, yule wa tatu ndiye aliyeshinda mbio hizo hizo mwaka wa 2021. Jasho lake halikuwa limekauka.

Hata hivyo, hakuna aliyeibiwa. Njia ilikuwa moja, saa ilikuwa moja, na viwango vya zawadi vilijulikana kabla ya mbio. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapa ndipo tunapopata funzo la kwanza la uhakiki: kanuni zinaweza kuwa za haki, na bado ukubwa wa zawadi usiwe kipimo cha juhudi. Zawadi hupima nafasi, na nafasi huamuliwa na juhudi pamoja na mambo mengine: hali ya mwili siku hiyo, upepo, na ubora wa wapinzani waliojitokeza.

Funzo la pili ni bahati ya wakati. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka wa 1968, na dhahabu nyingine ya kuruka viunzi na maji mwaka wa 1972. Katika enzi hiyo riadha ilikuwa ya ridhaa, na Olimpiki haikuwa na zawadi ya fedha kwa mshindi. Mwaka wa 2024 mjini Paris, shirikisho la riadha la dunia lilitoa dola 50,000 kwa kila mshindi wa dhahabu katika riadha. Aliyepata fedha au shaba hakupewa hata senti na shirikisho hilo. Dhahabu ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini mwaka wa kuzaliwa umeamua nani ataitwa tajiri.

Funzo la tatu ni kwamba bahati hutoa na bahati hutwaa. Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago mnamo Oktoba 2023. Tarehe 11 Februari 2024 alifariki katika ajali ya barabarani kwenye njia ya Eldoret na Kaptagat, akiwa na umri wa miaka 24. Wakazi wa huku hawahitaji kuelezwa uzito wa habari ile. Hakuna hoja ya bidii inayoweza kuieleza.

Kisha fedha za mbio hurejea nyumbani, zikageuka ploti na nyumba za kupangisha. Hapo huanza mbio nyingine, mbio za ardhi, ambazo hazina mstari mmoja wa kuanzia. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi. Makaburu waliwasili kwa misafara mwaka wa 1908, na mji wa Eldoret wenyewe ulijulikana kwa wengi kama "Sisibo", kutokana na shamba nambari 64. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na makampuni ya ununuzi wa ardhi. Aliyezaliwa katika ukoo uliopata ekari chache wakati huo ameamka leo akiwa na mali ambayo hakuikimbilia. Aliyezaliwa katika ukoo ambao haukupata hulipa kodi kila mwezi. Wote wawili huenda wakaamka saa kumi na moja alfajiri.

Maswali matatu ya kuiuliza matini

Kutokana na mfano huu, nawapendekezea watahiniwa maswali matatu kila wanapojadili utajiri wa mhusika. Kwa ajili ya kukumbuka, tuyaite Mstari, Kanuni na Zawadi.

Kwanza, Mstari: mhusika na wapinzani wake walianzia wapi? Pili, Kanuni: masharti ya ushindani yalikuwa sawa kwa wote, na nani aliyeyatunga? Tatu, Zawadi: matokeo yaligawanywaje, na je, yanalingana na kazi iliyofanywa? Bahati inaweza kuingia katika kila swali, lakini dhuluma huonekana hasa katika la pili na la tatu. Tuyajaribu maswali haya katika kazi tatu.

(i) Mabepari wa Venisi

Hii ni tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Julius Nyerere mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Angalia jina. Katika Kiingereza, mfanyabiashara wa kichwani ni mmoja. Nyerere ameandika "mabepari", kwa wingi, na kuchagua neno ambalo katika siasa za wakati huo lilikuwa na uzito wa lawama. Mtahiniwa anayegundua hili tayari ana hoja: mfasiri anatualika tuuone mfumo, tusimkodolee macho mtu mmoja.

Antonio ni tajiri mwenye merikebu baharini. Habari zinafika kwamba zimezama, na mara moja anakuwa mtu ambaye uhai wake uko mikononi mwa mdai wake, Shylock. Mwishoni, habari nyingine zinafika kwamba merikebu tatu zimetia nanga salama. Kati ya habari hizi mbili Antonio hakuwa mvivu wala hakuwa hodari zaidi. Hapa mali yake imetegemea bahari.

Bassanio naye anashinda mkono wa Portia kwa kuchagua sanduku la risasi, baada ya wengine kuchagua la dhahabu na la fedha. Wengi husifu hekima yake. Sawa, lakini uliza swali la Mstari: alifikaje mbele ya masanduku? Alifika kwa fedha za mkopo ambao Antonio aliuchukua kwa ajili yake na kuuwekea dhamana ya mwili wake. Maskini mwenye hekima kama yake, asiye na rafiki wa kumkopea, asingepata nafasi ya kuchagua.

Katika kesi, Shylock anadai ratili ya nyama kwa mujibu wa hati iliyotiwa saini kihalali. Anashindwa kwa kuwa hati haikutaja damu. Ukatili wa dai lake haufichiki. Lakini uliza swali la Kanuni: anayeifasiri sheria mahakamani ni nani? Ni Portia aliyejigeuza mwanamume, naye ni mke wa Bassanio, ambaye ni rafiki wa mdaiwa. Tena Shylock anaondoka akiwa amepoteza mali na kulazimishwa kuiacha dini yake. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba "uovu haulipi" ameacha nusu ya alama mezani.

(ii) Kigogo

Katika tamthilia hii ya Pauline Kea, wengi wamezoea kueleza majazi ya Majoka. Wachache huligusa jina la soko: Chapakazi. Ni soko la watu wanaochapa kazi kwelikweli, nalo linafungwa na Majoka. Bidii ipo, wanunuzi wapo, kanuni ndiyo iliyopinda. Mwandishi amelijibu swali la msichana wangu kwa jina moja tu: wanaosota Sagamoyo hawasoti kwa uvivu.

Isitoshe, kuna mhusika aitwaye Sudi, na sudi ni bahati. Kinaya ni kwamba bahati yake inamjia kwa njia ya ahadi ya malipo na maisha mazuri akikubali kuchonga kinyago cha shujaa wa utawala, naye anaikataa. Sudi anajua kwamba zawadi inayotolewa na mwenye kupindisha kanuni haistahili kuitwa bahati. Hoja hii ina uzito zaidi ya kusema tu kuwa "Sudi ni mwenye msimamo".

(iii) Kidagaa Kimemwozea

Katika riwaya hii ya Ken Walibora, swali la Zawadi ndilo linalowaka. Amani anaandika mswada, lakini unachapishwa kwa jina la Majisifu, ambaye anavuna sifa. Mtemi Nasaba Bora naye anajilimbikizia ardhi kwa hila. Hapa hatuna bahati mbaya. Geay alipokosa dola 75,000 kwa sekunde kumi, alishindwa. Amani alipokosa jina lake jaladani, aliibiwa. Mtahiniwa asizichanganye hali hizi mbili. Anayeita wizi "bahati mbaya" anamfichia mwizi, na anayeita kila ushindi "wizi" anamdhulumu mshindi.

Methali zinavutana

Kosa lingine la kawaida ni kuinukuu methali moja kana kwamba ni sheria. Methali za Kiswahili hujadiliana zenyewe kwa zenyewe. Upande mmoja tuna mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Upande mwingine tuna bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, methali inayokubali kwamba bahati ipo na ina mwenyewe. Kuhusu haki, mmoja atasema mnyonge hana haki, akieleza hali ilivyo. Mwingine atajibu mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, akieleza hali inavyopaswa kuwa. Mwalimu awape wanafunzi methali mbili zinazopingana, kisha awaulize ni tukio gani katika kitabu linaloipa nguvu kila moja. Zoezi hilo la dakika arubaini litawafaa zaidi ya orodha ya methali hamsini za kukariri.

Mfano wa majibu

Tuseme swali ni: "Jadili suala la utajiri katika Kigogo."

Jibu dhaifu: "Majoka ni tajiri kwa sababu ni mchoyo. Watu wa Sagamoyo ni maskini. Utajiri ni mbaya. Tunajifunza kwamba tufanye bidii." Jibu hili linatoa hukumu bila ushahidi, na funzo lake linapingana na tamthilia yenyewe, kwa kuwa wanaofanya bidii ndio wanaofungiwa soko.

Jibu bora: "Utajiri katika Kigogo hautokani na ushindani wa haki. Majoka ndiye mtunga kanuni na papo hapo mfaidi. Soko la Chapakazi linapofungwa, wafanyabiashara wanaondolewa katika ushindani kwa amri. Hawakushindwa kwa bei wala kwa ubora wa bidhaa. Jina la soko linaonyesha kwamba bidii haikukosekana. Kwa upande mwingine, Sudi anapewa nafasi ya kupata mali lakini anaikataa, jambo linaloonyesha kuwa mwandishi hapingi mali bali njia ya kuipata." Jibu hili limetaja tukio, limelifafanua, na limeitumia fani kuieleza dhamira.

Neno kwa watunzi wa maswali

Walimu wenzangu, nilikosa kabla ya msichana yule kushika kalamu. Neno "thibitisha" humwamuru mtahiniwa akubali kauli. Kauli yenye utata kama ile ilistahili "jadili", ili anayeikubali, anayeipinga na anayeigawa nusu wote wapate uwanja sawa. Kanuni yangu ilikuwa imepinda, nami niliyeitunga ndiye niliyekuwa nikisahihisha. Nilisahihisha upya karatasi za darasa zima kwa mwongozo uliokubali pande zote mbili.

Ama kuhusu kaka yake, nilimjibu siku iliyofuata. Nilimwambia kwamba yeye si mvivu. Bidii ilimfikisha barabarani, na bila hiyo asingekuwa hata na nafasi ya kubahatika. Lakini bidii haimwahidi mtu yeyote ghorofa, na anayemwahidi hivyo anamdanganya. Ndiyo maana yafaa ashike jambo la pili mkononi, chuo au ufundi, asije akaweka maisha yote juu ya sekunde kumi. Vivyo hivyo aliyeshinda asijione kwamba alijiumba. Kipchoge Keino na mkewe waliwalea mayatima wengi hapa Eldoret, na mwaka wa 2016 akawa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Olympic Laurel. Huo ni ufahamu wa mtu anayejua kwamba katika mali yake kulikuwa na fungu la bahati, na fungu hilo lina deni.

Msichana alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema: "Nitamwambia, Mwalimu. Lakini kesho atakimbia tu." Naamini alikimbia.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti baina ya kushindwa na kudhulumiwa kwa kurejelea wahusika wawili katika Kidagaa Kimemwozea. (alama 10)

2. "Bila fedha za Antonio, hekima ya Bassanio ingebaki nyumbani." Jadili kwa kurejelea Mabepari wa Venisi. (alama 20)

3. Fafanua umuhimu wa majina Chapakazi na Sudi katika kuendeleza dhamira ya haki za kiuchumi katika Kigogo. (alama 10)

4. Chagua methali mbili zinazopingana kuhusu bidii na bahati. Onyesha jinsi kila moja inavyoakisiwa na tukio moja katika kitabu ulichosoma. (alama 10)